Atakayezimika Ndiye

Fundi wa shirika la umeme aliweka kidole kwenye swichi kuu, juu ya mita ya Bi Pasi, akaomba watu wanyamaze.

"Nikizima hapa, kwako patazimika, na kwa anayekuibia patazimika. Tusikilize tu. Mwizi akipatikana, bei yako ya chini inarudi leo leo. Ila yeye atapelekwa polisi, hata awe mjomba wangu."

Bi Pasi alimtupia jicho kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na ukuta wake. Kinyozi hakujishughulisha naye. Alikuwa ananyoa mteja, mashine inaunguruma, uso ameukunja. Zamani alikuwa akimwita shangazi. Tangu Bi Pasi amtangaze mtaa mzima kuwa ni mwizi, hata salamu hakuna.

Sasa mtu afanye nini? Maisha yake yote Bi Pasi alinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa, mpaka kifua kikaharibika. Serikali ilipochoka kuona misitu inaishia kwenye majiko, ikaamua wasiojiweza wauziwe umeme kwa bei ya chini, mradi wasitumie kupita kiasi. Afisa ustawi alimletea jiko la umeme mwenyewe, mkononi. Kwa mara ya kwanza Bi Pasi alipika bila kukohoa, akajiona malkia.

Halafu mita ikaanza kukimbia. Akazima taa, akala viporo vya baridi, wapi. Wakamwondoa kwenye bei ya chini, eti anatumia umeme kama mwenye karakana. Jiko likapandishwa juu ya kabati. Mkaa ukarudi, na kikohozi nyuma yake.

Bila mwanawe angekuwa kaburini. Kijana anaishi na mkewe upande wa pili wa ua, wanauza barafu na maji baridi. Ndiye anayemletea mama mkaa, anamwashia, anampepea jiko mpaka moshi uishe. Watu wanaomba dua wapate mtoto kama yule. Zamani alikuwa akilia kwamba umeme unammaliza. Siku hizi Mungu kamfungulia, halalamiki tena. Na ndiye aliyemfumbua mama yake macho.

"Mama, jirani yako mashine inalia kutwa," alimwambia. "Unadhani umeme anautoa wapi?"

"Lakini huyu ndiye anayenipelekaga hospitali nikizidiwa."

"Ndiyo hivyo. Nafsi inamsuta."

Bi Pasi aliumia kuliko alivyoumia kwa kurudia mkaa. Mtu anakushika mkono kwenda hospitali, kumbe ndiye aliyekufanya uugue. Akamwita fundi kimyakimya, bila kumwambia mwanawe. Kijana amehangaika vya kutosha. Akirudi kutoka sokoni akute mambo yamekwisha, naye apumzike.

"Zima, baba," alisema.

Swichi ikashuka. Taa aliyoiwasha makusudi ikazimika. Watu wote wakageukia kibandani.

Mashine ya kinyozi iliendelea kuunguruma. Alimaliza kisogo cha mteja, akampangusa shingo, akakung'uta kitambaa taratibu. Kisha ndipo alipomtazama Bi Pasi.

Bi Pasi aliona haya. Alimsogelea amwombe radhi mbele za watu wale wale waliomsikia akimtukana.

Kabla hajamfikia, sauti ya mkamwana wake ilivuka ua, ya upole kama siku zote.

"Mama, umezima? Tuwashie basi, barafu zitayeyuka. Halafu asante sana kwa kuturuhusu tuvute huo waya. Mwanao alinikataza nisikutajie, eti hupendi kushukuriwa."