Baba Alikuwa

Ukimwi ulikuwa umemaliza nyumba nyingi kijijini Nyanga, Kokushubila aliporudi likizo kutoka chuo kikuu. Huko chuoni aliifundisha kompyuta Kiswahili bila kanuni, kwa kuilisha sentensi mpaka izoee neno lipi hufuata lipi.

Ukungu wa ziwa ulielea migombani. Binti wa kaka yake alikuwa akimsimulia mwanasesere wake: "Baba alikuwa mrefu. Alikuwa anapenda senene."

"Sema ni mrefu, anapenda," Kokushubila alimwambia taratibu. "Baba si huyu hapa?"

Mtoto alishangaa. "Lakini shangazi, baba wote ni alikuwa."

Kaka yake Kokushubila, aliyeketi kando yao, aliacha kunyonyoa senene, panzi wa kukaanga. Bawa moja la kijani lilinata kwenye kidole chake kilichokonda.

"Mwache," alisema. "Usimsahihishe."