Weusi wa Eufrasia

Shangazi alichota mkorogo koponi kwa kidole, akausogeza shavuni kwa Eufrasia.

"Tulia, mwanangu. Utaingiaje kanisani kufunga ndoa Jumamosi na weusi huu, kama umeanikwa pamoja na dagaa wako?"

Eufrasia aliudaka mkono wa shangazi. Chini ya sikio, pale walipoujaribu mkorogo wiki iliyopita, ngozi ilikuwa imebabuka na kuwa nyekundu. Jua la ufukweni likipiga hapo, liliunguza kama pasi.

"Shangazi, nesi alinieleza. Kwenye jua hafifu watu wakawa weupe, huku kwenye jua kali tukawa weusi, vizazi na vizazi, ili tusiungue. Nikiuchubua weusi huu, nitaanikaje dagaa?"

"Mama mkwe wako ndiye aliyeuleta mkorogo huu. Utamwambia nini?"

"Hayo hayo."

Eufrasia alifunga kopo, akalichukua, akatoka. Jua la saa saba lilikuwa limeushika mchanga wote wa Ujiji. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye chanja za dagaa, mwavuli mkononi, akisubiri kuona bibi harusi alivyong'aa.

Eufrasia alivua mtandio, shingo ikabaki wazi, akamwendea.

"Shikamoo, mama. Nimekurudishia kopo lako."