Mkanda Uliopinda

Spéciose alinusa kijiti cha brosheti, yaani mishikaki, akakiweka chini, akanusa kingine. Hakikunuka nyama. Hakikuwa na mafuta, wala ncha iliyoungua. Vijiti vipya kabisa, bado vimefungwa kwa karatasi kama vilivyotoka dukani.

"Unavitoa wapi hivi, Baba Kirezi?" alikuwa amemuuliza Valens, mumewe, jana yake.

"Kuna mtu pale ana vingi."

"Mtu gani?"

"Mtu tu," Valens akasema, akaenda kuoga.

Siku hizi anaoga kabla hata ya kusalimia! Anarudi usiku, macho mekundu. Anasema zamu za ghalani Masoro zimevurugika tangu zilipoletwa zile mashine za kupakia magunia. Hata leo Jumapili kaondoka, eti zamu. Ukimpikia nyama anaisukuma pembeni, hana hamu. Valens huyuhuyu aliyekuwa akigombea mfupa na binti yake! Basi kuna mwanamke anayemlisha, Spéciose akajiambia, tena anamlisha akashiba.

Alijaribu kutulia na kazi yake. Kufuma kwa vijiti alikuona kwenye simu, kukaonekana mchezo wa watoto. Unafunga nyuzi ndefu kwenye vijiti, unavishika pamoja mkononi, unapitisha uzi wa sweta mbele ya kimoja, nyuma ya kingine. Vikijaa, unaisukuma kazi ishuke kwenye zile nyuzi. Yule mama wa kwenye simu alitumia mirija ya plastiki, kitu ambacho Kigali hukipati hata kwa dawa. Spéciose akaona ajaribu vijiti vya brosheti. Vilimchoma vidole, vikavunjika, na kila vilipovunjika Valens alileta vingine.

Mkanda wa kwanza ulitoka kituko. Alifumua sweta la zamani la shule la Kirezi, la buluu, akachanganya na uzi wa rangi ya chungwa. Katikati akaruka kijiti kimoja bila kujua, upande mmoja ukajivuta, mkanda ukapinda kama njia za kwao Kimisagara. Alicheka peke yake, akautundika kwenye msumari kando ya mlango. Valens aliutazama kwa muda.

"Mzuri," akasema.

Wiki haikuisha, msumari ukabaki mtupu. Kirezi aliapa hajaugusa. Valens akasema labda ni panya. Panya gani huyo, anayevaa mkanda?

Tangu hapo moyo wa Spéciose haukukaa. Alianza mkanda wa pili, akaufumua. Akaanza wa tatu, akaufumua pia. Akifunga macho anauona ule wa kwanza kwenye kiuno cha mwanamke mwingine, kiuno chembamba, na huyo mwanamke anacheka jinsi ulivyopinda.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Leila, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Mama Kirezi, ule mkanda wako wa buluu na chungwa, uliuuza?"

"Sijauza kitu mimi. Kwani umeuona?"

"Jana, Kanombe. Kwenye ile baa nyuma ya kituo cha mafuta, nilipita kununua ndizi za kuchoma. Uko kiunoni mwa mtu."

"Mtu gani?"

Leila akakwepa macho yake. "Oya, sha, hapana, mimi simo. Nenda ukaone mwenyewe."

Spéciose aliingiza nguo zake na za Kirezi kwenye begi. Akimkuta huyo mwanamke, leo hii yeye na mtoto wanahamia kwa dada yake, Mutesi, basi, yameisha. Akamwacha mtoto kwa Leila, akapanda pikipiki, begi mapajani. Njia nzima alilia ndani ya kofia ya abiria. Alimpenda Valens, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Baa ilikuwa imejaa, muziki juu. Alipita kati ya meza akikagua viuno bila haya. Mhudumu wa kwanza, mkanda wa ngozi. Wa pili, kitenge. Wanawake wawili waliokuwa wakinywa soda wakamkazia macho, naye akawakazia.

Ndipo alipouona. Kwenye jiko, katikati ya moshi, mchoma nyama alikuwa amewapa wateja mgongo, kofia imemfunika hadi masikioni, na aproni yake imekazwa kwa mkanda wa buluu na chungwa. Ulikuwa umepinda palepale.

Kumbe! Yaani huyo mwanamke naye ana bwana mwingine, na kitu cha wizi kampa huyo avae akipepea makaa! Spéciose akalibwaga begi chini.

"We mchoma nyama! Huo mkanda umeutoa wapi?"

Meza zote ziligeuka. Mchoma nyama hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya fungu la vijiti vipya, akichomoa kimoja kimoja na kuvichomeka vipande vya mbuzi. Labda aliulizwa swali hilo kila siku.

"Kaufuma mke wangu," akajibu Valens. "Ukiupenda, nitamwambia akufumie na wewe."