Ukurasa wa Jumatatu

Kila Jumatatu nafungua kabati la kioo kwenye maonyesho ya maktaba ya chuo na kugeuza ukurasa mmoja wa daftari la mashairi la mwanafunzi wetu marehemu, wino usije ukafifia kwa mwanga. Mama yake huwa keshafika, miwani puani, anasubiri mapya ya mwanawe.

Leo nimegeuza nikakuta ukurasa mtupu.

"Endelea, mwanangu," akasema.

"Ndipo alipoishia, mama."

"Nani kakwambia? Yule hakuwa mtu wa kuacha kitu katikati. Geuza."

Nikageuza. Mtupu. Nikageuza tena na tena, glavu zikiloa jasho, mpaka nikafika kwenye jalada.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa.

"Sasa rudi polepole," akasema. "Umeruka mahali."