Usife Kwanza

Adyero alimzaba kijana kofi la tatu, na bado hakufumbua macho.

Kijana alikuwa chali kwenye sakafu ya baa moja ya Kabalagala, katikati ya maji ya sabuni. Jamilah, mfanyakazi wa pale, alikuwa akipiga deki alipomkuta ameanguka chooni. Dakika hiyo hiyo Adyero aliingia kutoka barabarani, miguu imejaa vumbi, akimuulizia Okwir. Wakamburuta pamoja mpaka penye hewa.

"Usife kwanza, mwanangu," Adyero alimsihi. "Okwir! Usife kwanza."

Jamilah alivuka barabara mbio hadi duka la dawa. Alirudi na mwenye duka, Wandera, Mkenya wa Busia, ameshika sindano na vichupa viwili.

Wandera aliinua kope za kijana. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki nukta. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kifua kilipanda, kikatulia muda mrefu mno, ndipo kikapanda tena.

"Ni unga huu," alisema. "Mama, kuna dawa nyingine anatumia?"

"Sijui."

"Ana pumu? Moyo?"

"Sijui! Mchome tu!"

Wandera hakushangaa. Wazazi ndio huwa wa mwisho kujua. Alimchoma pajani juu ya suruali, akamwinua kidevu ili hewa ipite, akaanza kumpulizia.

"Mbona haamki?" Adyero aliuliza.

"Subiri, mama." Aliongea kati ya pumzi na pumzi. "Kwenye ubongo kuna vipokezi. Tuseme ni viti. Unga umevikalia, ndiyo maana mwili umesahau kupumua. Hii dawa inashika kiti kwa nguvu kuliko unga. Inausukuma, inakaa yenyewe, na ikishakaa haifanyi chochote. Inaziba nafasi tu."

"Basi atapona."

"Kwa muda. Dawa yenyewe huondoka upesi, na unga bado uko kwenye damu. Utarudi kukaa." Alivuta kichupa cha pili kwenye sindano mpya, akaifunika. "Hii ni ya njiani, akizama tena. Sina nyingine. Jamilah, ita ambulensi."

Okwir alikoroma, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Midomo ikaanza kurudia rangi yake. Jamilah alimshukuru Mungu kwa sauti, simu ikiwa sikioni.

Adyero hakushukuru. Alimkamata kijana kola.

"Aongee," alisema.

"Anapumua, mama. Hospitali watamalizia."

"Haitoshi. Lazima aongee!" Machozi yake yalikuwa yakimdondokea Okwir usoni. "Tangu jana niko barabarani. Nimezunguka Kikuubo yote, nimefika mpaka Port Bell naulizia watu. Sijalala, sijala. Nataka nisikie sauti yake."

Jamilah alichutama kando yake, akamshika bega. "Pole, nnyabo. Si umempata? Muache apumzike kidogo."

"Hapana. Asilale. Asilale huyu!" Akamtikisa mpaka Wandera akamzuia mkono.

Okwir alitapika, akatetemeka mwili mzima, jasho likamtoka. Hatimaye akafumbua macho. Alimtazama mwanamke aliyemshika kola, akakunja uso.

"Wewe ni nani?"

Wandera alishusha pumzi, akacheka kidogo. "Usiumie moyo, mama. Wakiamka huwa wamechanganyikiwa. Sasa hivi atakutambua."

"Mimi mama yake Lakica," Adyero alimwambia kijana. "Binti yangu umemwacha wapi?"

Cheko la Wandera likakatika.

"Kansanga," Okwir alinong'ona. "Nyumba ya geti jeusi, nyuma ya kituo cha mafuta. Tulijichoma pamoja... Nilimwamsha, mama. Akakataa kuamka."

Adyero alimwachia kola, akaipokonya sindano ya pili mkononi mwa Wandera, akatoka mbio.