Mwiko wa Mwanakombo

Siku hizi aliyepatwa na kiharusi huvishwa kikuku kinachousoma mkono wake na kuufundisha upya, kwa miondoko kiliyojifunza kwa wagonjwa waliotangulia. Leo Mwanakombo, kikuku mkononi, alikuna nazi mwenyewe, akapika wali, mumewe Shamte akiwa amekaa mlangoni pa jiko.

Wali ulipoiva, mkono uligonga mwiko ukingoni mwa sufuria mara mbili, kisha ukaulaza chali juu ya mfuniko. Mwanakombo akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

“Baba Rukia, haya nimejifunza wapi?”

Shamte aliutazama mwiko. “Marehemu mke wangu naye alivishwa kikuku, kabla sijakuoa. Ndivyo alivyokuwa akiniita kula.”

Mwanakombo alikishika kikuku, akiwaza kukivua. Kabla hajaamua, mkono uligonga tena, na Shamte akainuka kwenda kunawa.