Sweta la Lothar

Mji ule uliifadhili nyambizi moja ya kivita ya Kijerumani, na kila Krismasi wanawake waliwafumia mabaharia wake masweta. Bi Irmgard alikuwa anamalizia mkono wa sweta la mwanawe Lothar, baharia wa nyambizi hiyo, wakati ofisa wa jeshi alipoingia kuyakusanya.

"Mikono usiirefushe sana, mama. Mabaharia wa nyambizi mpya ni wadogo wadogo."

"Mpya? Ya mwanangu iko wapi?"

"Ilizama Septemba. Hamjaandikiwa?"

"Septemba! Na Oktoba mkaniletea nyuzi, mkasema Lothar anasikia baridi!"

Akachomoa sindano, akamtia ofisa ncha ya uzi mkononi.

"Vuta. Vuta mwenyewe, mbele yangu, mpaka sweta liishe."

Ofisa akavuta. Mkono wa sweta ukafumuka ukaisha, uzi ukaanza kufumua kifua cha sweta.